Kuujua Mmea kwa Utomvu Wake

Ukitoka Nanyuki ukashika barabara ya Doldol, Mlima Kenya unabaki nyuma na nchi inakauka kadiri unavyosonga. Mashamba yanaisha, mitarakwa inapungua, leleshwa inatanda na majani yake ya kijivu, na mwishowe udongo mwekundu unajitokeza wazi kati ya migunga. Huko ndiko mimea miwili inakosimama jirani, yote minene, ya kijani, yenye miiba, na abiria wengi wa matatu huiita kwa jina moja tu: kaktasi. Mmoja ni mti mkubwa wenye shina la kweli na matawi mengi yanayopanda juu kwa pamoja. Wamaasai wa Mukogodo wanauita olpopongi. Wataalamu wanauandika Euphorbia candelabrum. Mwingine hauinuki sana. Umeungwa kwa vipande bapa vilivyoota kimoja juu ya kingine, na matunda yake ya zambarau yamejipanga ukingoni. Huo ni mpungate.

Kuitenganisha hakuhitaji cheti. Kunahitaji kisu kidogo na subira ya dakika moja. Mkwaruze olpopongi, na maziwa meupe mazito yatachuruzika papo hapo. Yasikuguse jichoni, kwa maana huchoma vibaya na wachungaji wa huko wanayaogopa kwa sababu nzuri. Ukate mpungate, na utaona ute usio na rangi. Kisha sogeza jicho kwenye miiba. Ya olpopongi imekaa miwili miwili kwenye mbavu za tawi, kila jozi juu ya kigaga kigumu. Ya mpungate inachomoza kwenye kidoa cha manyoya mafupi, na kando ya mwiba mrefu kidoa hicho kimebeba vijimwiba vingi vidogo sana, ambavyo ukivigusa vinahamia kidoleni na kukaa humo siku nzima. Kidoa hicho ndicho alama ya jamii yote ya kaktasi duniani. Mmea usiokuwa nacho, hata uwe mnene na wenye miiba namna gani, si kaktasi.

Maua nayo yanatoa ushahidi. Ua la mpungate ni kubwa, la manjano, lenye petali nyingi zinazometa juani. La olpopongi ni dogo, la rangi ya manjano iliyofifia, na ukilipima kwa lenzi unagundua kwamba lile ulilodhani ni ua moja ni kikombe chenye maua mengi ndani yake: la kike moja katikati, limezungukwa na ya kiume ambayo kila moja limebakiwa na stameni moja tu. Mpangilio huo unapatikana kwa ndugu zake wote, pamoja na kariaria, ule mnyaa uliopandwa kuzunguka maboma ya Gikuyu tangu zamani. Bahari nzima inatenganisha chimbuko la mimea hii miwili ya barabara ya Doldol. Ukame ndio uliofanya kazi moja pande zote mbili: uliondoa majani, ukanenepesha shina liwe ghala la maji, ukaweka miiba ya kulinda ghala.

Kaktasi karibu zote ni za bara la Amerika. Katika Afrika inajulikana spishi moja tu inayoota yenyewe bila kuletwa na mkono wa mtu, na kila ninapoifikiria nafurahi upya. Inaitwa Rhipsalis baccifera. Haikai jangwani. Inaishi katika misitu yenye unyevu, ikining'inia kwenye matawi ya miti mikubwa, mashina yake membamba yakishuka chini, bila miiba ya kutisha, na matunda yake ni meupe, madogo, yenye kunata, ambayo ndege huyala na kupangusa mdomo kwenye tawi jingine. Basi mtu anayesafiri kwenda nchi kavu kutafuta kaktasi ya Kiafrika amelipa nauli ya bure. Alipaswa kuingia msituni na kuinua macho.

Kutambua mmea ni kuutendea haki. Sioni neno jingine linalofaa zaidi. Ni kutoutwika mmea kosa la jirani yake, na kutoupa sifa ambayo si yake. Olpopongi ni mwenyeji. Nyuki hulitafuta ua lake. Mpungate ulioenea Laikipia, hasa ule unaoitwa Opuntia stricta, uliletwa enzi za ukoloni eneo la Doldol, upandwe kwa urembo na uzio. Malisho yalipochoka kwa mifugo kuzidi na ardhi kubaki wazi, ukapata nafasi. Nyani na ndovu wakala matunda yake na kuzisambaza mbegu mbali. Mbuzi walipoyala wakajaa vijimwiba midomoni na matumboni, na wafugaji wakaanza kupoteza mifugo pamoja na malisho. Leo ziko sehemu za Laikipia Kaskazini ambako mtu hawezi kupita na ng'ombe zake kwa jinsi ulivyofunga njia. Sasa fikiria kijana aliyetumwa kwenda kung'oa kaktasi, naye hajui tofauti. Atauangusha mti uliokuwa pale kabla babu yake hajazaliwa, kisha ataukata mpungate vipande na kuviacha chini, na kila kipande kitashika mizizi.

Hata dawa ya mpungate inadai jicho la fundi. Miaka ya 2010 aliletwa Laikipia mdudu mdogo wa jenasi ya Dactylopius, yule anayefyonza maji ya mpungate na kujifunika nta nyeupe, na akipondwa hutoa rangi nyekundu iliyokuwa ikiuzwa ghali duniani kwa kutia nguo rangi. Mdudu huyu anachagua. Katika Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, mdudu wa kwanza kutumiwa dhidi ya Opuntia stricta hakufanya kazi ya maana, kwa kuwa alikuwa wa ukoo uliozoea mpungate mwingine. Ilibidi atafutwe wa ukoo uliokuwa ukiishi juu ya stricta yenyewe, ndipo vichaka vikaanza kuanguka. Nayo Laikipia ina mpungate wa aina zaidi ya moja. Anayekagua vichaka kabla ya kumwachilia mdudu lazima ajue anatazama upi: kipande kina umbo gani, miiba ni mingapi kwenye kila kidoa, ina rangi gani. Mdudu hajasoma kitabu chochote, lakini katika jambo hili ni mtambuzi mkali kuliko wengi wetu.

Fundi mzuri haanzi na ua. Ua linavutia mno, na mtu aliyeanza nalo huishia kusema rangi tu: nimeona ua jekundu, nimeona ua la buluu. Rangi ni shahidi dhaifu. Anayejua kazi hii huanza chini na kupanda. Udongo ni mwekundu au ni ule mweusi unaoshika viatu? Shina ni la duara au la pembe nne? Majani yametoka mawili mawili yakitazamana, au moja moja kwa kupishana? Lipindue jani uone mgongo wake, lisugue, linuse. Livunje uone utomvu. Ndipo ulifikie ua, na hapo uhesabu: petali ngapi, zimeungana au zimeachana, stameni ngapi, na ovari imekaa juu ya petali au chini yake. Ukishika shina la mũigoya kwenye uzio wowote wa Tetu au Mukurweini utazihisi pembe nne kwa vidole bila hata kuangalia. Majani yametazamana pande mbili, yana manyoya, yana harufu. Ua la buluu limepasuka kuwa midomo miwili. Basi tayari umeijua jamii nzima ya mrehani, na siku utakayokutana na ndugu yake usiyemjua jina, kule Timau au Isiolo, utakuwa umeshafika mlangoni kwake.

Soko la Karatina lina darasa zuri zaidi kuliko madarasa mengi niliyopata kuyaona. Mama anayeuza managu hukosi kumkuta, na kando yake yuko anayeuza viazi vya Kieni, na nyanya. Katika ukingo wa barabara nje ya soko, mahali ambapo hakuna aliyepanda kitu, unaota mũtongu wenye miiba, wenye matunda ya manjano ambayo watoto huonywa wasiyale. Yatazame maua ya yote manne. Petali tano zilizoungana kwenye kitako, na katikati stameni za manjano zimesimama zikiegemeana. La managu ni jeupe na dogo, la mũtongu ni la zambarau, la nyanya ni la manjano, la kiazi laweza kuwa jeupe au la zambarau, lakini mkono ulioyachora ni mmoja. Ni jamii iliyokusanya chakula na sumu katika nyumba moja. Mama wa managu anajua jambo hili bila Kilatini. Anachuma majani anayoyajua, anaacha yale yanayofanana nayo, na wateja wake wanalala salama kwa sababu ya macho yake. Yeye ni fundi, na sijui kwa nini hatumhesabu pamoja na wataalamu.

Kisha uko mũkengeria. Kila mtoto wa Nyeri aliyefuga sungura ameuchuma mmea huu kwa magunia, na wakulima wa kahawa wamemaliza majembe juu yake. Maua yake ya buluu hufunguka asubuhi na kufikia mchana yamenyauka, kwa hiyo mtu anayeamka saa nne hajawahi kuyaona vizuri. Yana petali tatu, mbili kubwa na moja ndogo. Lakini mikengeria ni mingi: upo wa maua ya manjano, ipo ya buluu zaidi ya mmoja. Ukitaka kuijua ile ya shambani inayoitwa Commelina benghalensis, achana na petali, tafuta mahali jani linapolikumbatia shina. Utakuta hapo vinyweleo vyekundu vyekundu. Kisha ung'oe mmea kwa uangalifu, pamoja na udongo. Huko chini, katika giza, una maua mengine yasiyofunguka kamwe, ambayo hujichavusha yenyewe na kuzaa mbegu ardhini. Ndiyo sababu ukipalilia leo unaukuta tena mwezi ujao. Mkulima aliyeona maua hayo ya chini anaelewa anapambana na nini. Asiyeyaona anadhani shamba lake limelogwa.

Wazee wa Gikuyu waliusoma mmea kama hati, na hati hizo zilikuwa na nguvu ya sheria. Mipaka ya ardhi ya mbari iliwekwa kwa miti na kwa itooka, yale maua yenye kitunguu kikubwa kilichozama ardhini, ambayo moto hauyamalizi na jembe huyarudisha tena. Mtu angeweza kufyeka mpaka wa jirani usiku, lakini mvua ikinyesha itooka lilichipuka pale pale na kumuumbua. Mashauri ya ardhi yaliyosikizwa mbele ya wazee yalihitaji macho yanayoweza kusema kwa hakika: hili ni itooka lililopandwa, na lile ni ua la mwitu lililojiotea. Kosa la utambuzi lingeweza kumnyang'anya mtu shamba.

Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 huko Ihithe, Tetu, na katika kumbukumbu zake alizochapisha mwaka 2006 anaeleza jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mũgumo. Kwa mtoto ilikuwa amri tu. Miaka mingi baadaye, akiwa msomi wa biolojia, aliunganisha mambo: mizizi ya mũgumo huzama sana, hushika udongo wa miteremko, na palipokuwa na mti huo palikuwa na chemchemi. Mũgumo ulipokatwa na chemchemi ikakauka. Hapa lipo jambo ambalo huwa linanigusa kwa nguvu. Ulinzi ule ulitegemea watu kuujua mti. Katazo halikusema usiokote kuni za mti mkubwa, wala za mti wowote ule wa kijijini. Lilisema mũgumo, na kila mtoto aliyetumwa kuni alilazimika kuutofautisha na mũiri, na mũringa, na mũhũti. Utambuzi ulifundishwa kabla ya kusoma na kuandika, na aliyekosea aliambiwa siku ile ile. Siku ya Oktoba 2004 alipopata habari kwamba ameshinda Tuzo ya Nobel ya Amani, Maathai alikuwa Nyeri, na aliadhimisha kwa kupanda mti katika bustani ya hoteli ya Outspan, ukitazama mlima. Alipanda ule wa maua mekundu kama miali, Spathodea campanulata, ambao Wakenya wameuhusisha na nchi ya Wanandi.

Maarifa ya vitabuni yana historia yake ya jasho. Mwaka 1902 ilianzishwa taasisi ya Amani katika milima ya Usambara, na kutoka huko ndiko ilikotoka hazina ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 1950 ilihamishiwa Nairobi. Leo iko chini ya Makavazi ya Taifa ya Kenya, na imehifadhi mamia ya maelfu ya mimea, kila mmoja umebanwa juu ya karatasi yake. Ukiitazama karatasi moja unaona jani limegeuzwa ili mgongo wake uonekane, ua limepasuliwa, na pembeni imebandikwa lebo: mahali, mwinuko, tarehe, udongo, jina la wenyeji, jina la aliyechuma. Mmea usio na lebo ni nyasi kavu. Mimi huiheshimu lebo kuliko picha nzuri yoyote, kwa sababu lebo ni kiapo cha mtu kwamba alikuwapo mahali fulani na kuona kwa macho yake. Na huwa nawaza wale ambao majina yao hayakuandikwa: wapagazi na waongozaji njia waliomwonyesha mgeni mahali ua linapoota, wakamtajia jina lake, kisha wakabeba vibanio vya mbao na magazeti kuteremka mlima.

Mradi mkubwa wa kuandika mimea yote ya Kenya, Uganda na Tanzania ulianza kuchapishwa mwaka 1952 na ukakamilika mwaka 2012. Miaka 60. Spishi zaidi ya 12,000. Watu waliouanzisha hawakuwa hai kuona juzuu la mwisho. Kwa anayetembea Nyeri, hata hivyo, kitabu cha kubeba ni kile cha Agnew kuhusu maua ya mwitu ya nyanda za juu za Kenya, kilichotoka mwaka 1974 na kurudiwa mwaka 1994. Moyo wake ni ufunguo. Ufunguo unakuuliza swali lenye majibu mawili: majani yanatazamana au yanapishana? Ukijibu, unakupeleka kwenye swali jingine. Ovari iko juu au chini? Mbegu ina manyoya au haina? Ukidanganya mahali popote unaishia kwenye mmea wa ajabu unaoota ufukweni Lamu, nawe uko Mweiga, na hapo unajua kwamba urudi nyuma. Programu za simu siku hizi hukupa jina kwa sekunde chache, na kwa jamii zinazojulikana zinasaidia. Lakini simu hainusi jani, haikati shina, na haijui kuwa umesimama kwenye udongo mweusi. Ufunguo unakulazimisha kufanya yote hayo, na ukifika mwisho, jina ulilolipata limekaa mkononi mwako pia, si machoni pekee.

Joy Adamson anajulikana duniani kwa simba wake Elsa. Kabla ya simba kulikuwa na maua. Alifika Kenya mwaka 1937 akitokea Austria, akaolewa na mtaalamu wa mimea Peter Bally, akaanza kupaka rangi mimea waliyoikusanya safarini, mamia kwa mamia, na mwaka 1947 akapewa medali ya dhahabu ya Grenfell na chama cha kifalme cha bustani cha Uingereza. Baadaye aliishi Isiolo, kwenye lango la nchi kavu. Sifa yangu kwa michoro yake ni hii: kila kinyweleo kiko mahali pake. Mtu hawezi kuchora jani bila kuamua kama ukingo wake una meno au hauna, na mkono wa mchoraji hauwezi kuficha kile ambacho jicho halikukiona. Mwalimu wa shule ya msingi anayewapa watoto penseli na tawi la leleshwa anafundisha utambuzi wa mimea hata kama ratiba inasema ni somo la sanaa.

Mlimani ufundi huu unafikia kilele chake kwa maana zote mbili. Panda kwa njia ya Naro Moru. Lango liko kwenye mita 2,400 hivi. Unapita msitu, mianzi, mirozirozi mizee iliyovaa kuvu na ndevu za lichen, unafika kituo cha hali ya hewa kwenye mita 3,050, kisha tope la mteremko mkali, na hatimaye bonde la Teleki. Huko juu joto la mchana na barafu ya usiku hupokezana kila siku ya mwaka, na mimea imejibu kwa njia ambazo hujawahi kuziona popote. Lobelia mbili zinakaa hapo, na wapanda mlima wengi huzipiga picha kama moja. Lobelia telekii, iliyopewa jina la Teleki aliyefika mlimani mwaka 1887, inapenda miteremko mikavu yenye mawe. Nguzo yake ya maua imefunikwa kwa manyoya marefu ya kijivu kiasi kwamba maua yenyewe yamejificha ndani. Huchanua mara moja tu, kisha hufa. Lobelia keniensis inakaa chini, kwenye ardhi chepechepe. Majani yake yameunda bakuli linaloshika maji, na usiku maji hayo huganda juu na kukinga chipukizi lililo chini yake. Hii haifi baada ya kuchanua, kwa sababu ina mashada mengine kwenye mizizi. Ukishazijua, unaweza kusimama juu ya jiwe na kusema maji ya bonde yanapita wapi bila kuyaona, kwa kuangalia tu ni ipi imeota wapi.

Huko huko juu, miti mikubwa yenye vichwa vya majani nayo ni jozi. Ndugu wawili wa Kiswidi, Robert na Thore Fries, walifanya kazi mlimani mwaka 1921 na 1922, na wao ndio walioupa ule mrefu jina keniodendron. Unasimama mita kadhaa, na shina lake limevaa majani makavu ya miaka iliyopita. Koti hilo huzuia maji yaliyo ndani ya shina yasigande. Anayeyachuna majani hayo kuwashia moto anauua mti kwa baridi. Ule mfupi, keniensis, umelala kwenye tope. Pindua jani lake na mgongo ni mweupe kwa sufu nzito. Majani hujikunja usiku na sufu hiyo hubaki nje. Tena ni mgongo wa jani unaotoa jibu. Ndiyo maana nasisitiza: pindua.

Turudi chini, kwa sababu nchi kavu ya Kieni na Laikipia haijapewa heshima inayostahili, na watalii wanaikimbilia theluji. Shubiri za huko ni somo kamili. Nyingi zina majani manene yenye meno, na ua la rangi ya waridi au nyekundu. Lakini ile ya Aloe secundiflora ukiitazama tawi la maua utaona yote yamegeukia upande mmoja, yamepangwa juu ya tawi lililolala. Aloe lateritia ina madoa meupe kwenye majani, na maua yake yamekusanyika kichwani. Tofauti hii ina uzito wa fedha na wa sheria. Utomvu wa shubiri ulivunwa na kusafirishwa kwa wingi mpaka amri ya rais ya mwaka 1986 ikalinda shubiri za mwitu, na biashara ya kimataifa ya karibu shubiri zote imewekewa masharti, isipokuwa Aloe vera, ambayo si ya huku. Afisa mpakani anayeshika gunia la majani makavu lazima aseme ni ipi. Mama wa Kieni anayetia jani la shubiri kwenye maji ya kuku wagonjwa naye anajua ipi ni chungu zaidi, na ameijua kwa kuionja.

Na chini ya vichaka, mahali ambapo hata mbuzi hafikishi pua kwa urahisi, kuna jamii ya Caralluma: vijishina vya pembe nne, vya kijivu, visivyo na jani, ambavyo mtu hupita juu yake akidhani ni kuni. Mvua ikishanyesha vinatoa maua ya rangi ya damu ya mzee yenye harufu ya nyama iliyooza, na nzi huja wakidhani wamepata mzoga. Mara nyingi pua ndiyo inayoviona kwanza.

Mwezi wa Mei, masika ikiwa imeshalowesha udongo kati ya Naro Moru na Mweiga, tafuta kwenye vichaka ua jekundu lenye ukingo wa manjano, petali sita zilizopinduka kuelekea juu huku stameni zikienea pembeni. Ni Gloriosa superba. Usiishie kwenye rangi. Fuata jani mpaka nchani: ncha imejikunja kuwa kamba nyembamba inayoshika matawi ya jirani ili mmea upande. Yako maua mengine ya jamii ya karibu yanayoota huko, na hakuna hata moja lenye ncha ya namna hiyo. Kiazi chake kilicho chini ya ardhi kina kolkisini, sumu kali ambayo kwa kipimo kidogo cha daktari ni dawa ya jongo, kwa hiyo kiache ardhini. Andika mahali, mwinuko, tarehe, na rangi ya udongo, na kama kuna mzee karibu, muulize wao wanaliitaje, kisha uandike na hilo pia, kwa tahajia yake kamili.